Ngozi ya Mafuta Wakati wa Masika: Yanayosaidia na Yanayodhuru

Mazungumzo yafuatayo yalitolewa kwa wahamasishaji wa afya ya jamii, vikundi vya akina mama na vijana mwanzoni mwa msimu wa masika. Yanachapishwa hapa kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kuhudhuria.



Masika yameingia. Kuanzia Aprili hadi Juni, na hasa mwezi wa Mei ambao ndio wa mvua nyingi kuliko yote hapa Mombasa, hewa hujaa unyevu huku joto likipungua kidogo tu. Leso iliyofuliwa Jumatatu bado ni mbichi Jumatano. Mtu mwenye ngozi ya mafuta huosha uso alfajiri, na kabla feri haijafika ng'ambo ya Likoni uso umeshaanza kung'aa tena. Paji la uso linateleza, pua imetoa mafuta, na vipele vimeanza kuchomoza kidevuni.

Jambo hili huonekana dogo. Mvua ikinyesha watu huwa na hofu ya mafuriko, kipindupindu na malaria, na ni sawa wawe na hofu hiyo. Lakini vipele vya usoni ndivyo vinavyowapeleka vijana wengi kwenye mikebe ya krimu isiyo na jina, na baadhi ya krimu hizo hudhuru kuliko vipele vyenyewe. Ndiyo maana mazungumzo haya yataanza na maji na sabuni, lakini yatakaa zaidi kwenye mikebe hiyo.

Mafuta ya ngozi si uchafu. Chini ya ngozi kuna tezi ndogo ndogo zinazotengeneza mafuta ili ngozi isikauke na isipasuke. Tezi hizo ni nyingi usoni, kichwani, kifuani na sehemu ya juu ya mgongo, lakini viganjani na nyayoni hazipo kabisa. Mtu anapobaleghe, homoni huzifanya zifanye kazi kwa nguvu, ndipo kijana ambaye uso wake ulikuwa mkavu na laini hujikuta na sura nyingine. Wengine huzaliwa na tezi zenye bidii, kama baba au mama yao, na hakuna sabuni itakayobadilisha hilo.

Masika huongeza jambo moja. Jasho kwa kawaida hukauka hewani na kuupoza mwili. Hewa ikishajaa unyevu, jasho halina pa kwenda. Hubaki juu ya ngozi, likachanganyika na mafuta, vumbi na moshi wa barabarani. Ngozi inayokaa imelowa huvimba kidogo, mdomo wa kitundu cha ngozi hubanwa, mafuta na seli zilizokufa hukwama ndani, na bakteria wanaoishi humo huongezeka. Hapo ndipo chunusi huanza.

Kwa hiyo kuosha kunasaidia, ila kwa kiasi. Mara mbili kwa siku kwa sabuni laini isiyo na manukato makali inatosha, pamoja na mara moja zaidi baada ya kazi ya jasho jingi. Anayeosha kwa sabuni mara sita, au anayejisugua kwa dodoki mpaka uso ukawaka, anaichubua ngozi na kuzidisha uvimbe. Sabuni ya kufulia haifai usoni hata kidogo. Wanaotawadha mara tano kwa siku hawana la kuogopa, kwa sababu maji matupu hayadhuru. La msingi ni kuupangusa uso taratibu kwa kitambaa kikavu badala ya kuusugua. Na kitambaa hicho kiwe cha mtu mmoja. Taulo la familia nzima linaloning'inia bafuni likiwa bichi kwa siku tatu ni mahali pazuri pa kuvu.

Kuna suala la maji yenyewe, na hapa Pwani lina uzito wake. Kisiwa hiki kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na visima vingi hutoa maji magumu, mengine yakiwa na chumvi. Sabuni haitoi povu vizuri kwenye maji hayo, na huacha utando juu ya ngozi ambao mtu huuhisi kama uso haujatakata. Hapo huongeza sabuni, na utando ukazidi. Masika huleta dawa ya jambo hili bila malipo. Maji ya mvua ni laini. Mwenye paa la mabati anaweza kuacha mvua ya kwanza ioshe vumbi na kinyesi cha ndege, kisha akinge inayofuata katika ndoo safi yenye kifuniko. Jagi moja la kusuuza uso linatosha. (Kunywa ni habari nyingine: maji ya kunywa lazima yachemshwe au yatiwe dawa, yawe ya mvua, ya kisima au ya mkokoteni.)

Baada ya kuosha huja swali la mafuta ya kupaka, na hapo huwa na ubishi nyumbani. Mtoto aliyelelewa kwa kupakwa mafuta kutoka utosini hadi kisiginoni huambiwa kwamba ngozi isiyopakwa itapauka. Kwa mikono, magoti na miguu, ushauri wa bibi ni sahihi. Kwa uso wenye mafuta wakati wa masika, si sahihi. Mafuta ya nazi na mafuta mazito ya mgando hukaa juu ya ngozi, yakazuia joto na jasho, na kwa wengine huziba vitundu. Mafuta ya nywele nayo hushuka kwenye paji la uso. Vipele vinavyopangana kwenye mstari wa nywele mara nyingi vimetokana nayo. Anayehisi uso unakaza baada ya kuosha atumie losheni nyepesi ya majimaji, na kwenye kifungashio atafute maneno yanayosema haizibi vinyweleo.

Liwa na singo ni urithi wa Pwani na hakuna anayetaka kuvipiga vita. Liwa iliyosagwa jiweni na kuchanganywa na maji ya waridi hupoza uso, na anayeizoea bila kuwashwa aendelee nayo. Tahadhari ni mbili tu: isipakwe juu ya chunusi zilizopasuka, na isiondolewe kwa kusuguliwa ikiwa imekauka. Ilainishwe kwa maji kwanza. Ndimu ni kitu kingine kabisa. Maji ya ndimu yaliyobaki usoni, jua likichomoza kati ya manyunyu mawili, yanaweza kuiunguza ngozi na kuacha alama nyeusi kwa wiki kadhaa. Dawa ya meno nayo ibaki mdomoni.

Kabla ya kununua dawa yoyote, inafaa kujua ugonjwa ni upi. Kwa lugha ya mtaani kila kitu ni vipele, lakini masika huleta angalau vitu vitatu vinavyofanana kwa mbali, na dawa ya kimoja haiponyi kingine.

Harara ni vipele vidogo vidogo vinavyochoma kama sindano, hutokea shingoni, kifuani, mgongoni na kwenye mikunjo, hasa kwa watoto wachanga waliofunikwa nguo nyingi. Huponywa kwa ubaridi, hewa na nguo nyepesi za pamba. Haihitaji krimu.

Mba huja kama mabaka yenye rangi hafifu, au ya kahawia, kifuani, mgongoni, shingoni na wakati mwingine usoni. Ukikwaruza kidogo, unga laini hutoka. Husababishwa na kuvu ambao huishi juu ya ngozi ya kila mtu na hula mafuta yake. Unyevu ukizidi na mafuta yakiwa mengi, kuvu hao huzaliana. Kwa hiyo si ugonjwa wa wachafu, na mtu hana sababu ya kujificha. Hutibiwa kwa dawa za kuvu kama klotrimazoli ya kupaka, au kwa shampuu yenye ketokonazoli au seleniamu salfaidi inayopakwa mwilini, ikaachwa dakika chache kama mhudumu atakavyoelekeza, kisha ikaoshwa. Rangi ya ngozi huchukua wiki nyingi, hata miezi, kurudi kama ilivyokuwa, na hapo wengi hudhani dawa imeshindwa. Unga ukiisha, kuvu wamekufa, rangi itafuata. Baka moja tu ambalo halihisi mguso wala maumivu ni jambo tofauti. Hilo lipelekwe zahanati bila kuchelewa, kwa sababu linaweza kuwa ukoma, na ukoma unatibika kabisa ukigunduliwa mapema.

Chunusi zenyewe ni mchanganyiko: vichwa vyeusi, vichwa vyeupe, vipele vyekundu vyenye usaha, na kwa wengine vinundu vigumu vyenye maumivu. Kwenye ngozi nyeusi chunusi nyingi huacha doa jeusi, na doa hilo mara nyingi ndilo linalomtesa mtu kuliko chunusi iliyopita. Kuminya huongeza doa na huweza kuacha kovu la kudumu. Madoa hufifia yenyewe kwa miezi, na jua huyarudisha nyuma, hata jua la masika linalopita mawinguni. Kofia pana au mafuta mepesi ya kukinga jua ya kiwango cha 30 husaidia.

Sasa chukua mfano wa msichana wa shule ya upili aliyerudi nyumbani kwa likizo ya Aprili. Uso umejaa chunusi. Ana wiki tatu kabla ya kurudi shuleni, na wenzake wana simu zenye kamera. Jirani mwenye huruma anamwambia kuna krimu nzuri, inauzwa katika mkebe mdogo mweupe, anayeiuza anachanganya mwenyewe. Msichana anapaka usiku. Siku ya tatu uwekundu umepungua. Siku ya kumi uso ni laini, umeng'aa, na umekuwa mweupe kidogo kuliko shingo. Mama anasifu. Jirani anaonekana daktari.

Kilichomo ndani ya mkebe mara nyingi ni steroidi kali, kama klobetasoli au betamethasoni, ambayo kwenye lebo huandikwa kwa tahajia ya Kiingereza, ile ya kwanza ikianza kwa herufi C. Ni dawa halali ya magonjwa fulani ya ngozi, hutolewa na daktari kwa muda mfupi, na si ya kupaka usoni kwa chunusi. Hutuliza uvimbe haraka, ndiyo sababu husifiwa. Lakini haiondoi chanzo. Wiki zikipita ngozi hukonda, mishipa midogo ya damu huanza kuonekana, vinyweleo hukua kwenye mashavu, na chunusi mpya huchomoza, ndogo na nyingi, zote za aina moja. Msichana akiacha kupaka, uso huwaka moto na kufura ndani ya siku chache. Anadhani ugonjwa umerudi, basi anarudi kwenye mkebe. Ndivyo wateja wa mikebe hiyo wanavyofungwa. Na kama kilichokuwa usoni hakikuwa chunusi bali ni mba au choa, steroidi huupa kuvu nafasi ya kusambaa, huku sura yake ikibadilika hata mhudumu akashindwa kuutambua kwa kuutazama.

Krimu nyingine zina haidrokwinoni au zebaki. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye viambato hivyo tangu mwaka 1998, lakini bado huingia. Haidrokwinoni ikitumika kwa muda mrefu inaweza kugeuza mashavu kuwa na weusi wa samawati usiotoka, kinyume kabisa na alichokitafuta mnunuzi. Zebaki ni sumu. Hupita kwenye ngozi na kuingia mwilini, huharibu figo na mishipa ya fahamu, na mama mjamzito humpitishia mtoto aliye tumboni. Hubaki kwenye mito na mataulo, kwa hiyo hata asiyepaka ndani ya nyumba hufikiwa. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki, zilikubaliana mwaka 2023 kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki viondolewe kufikia 2025. Makubaliano hayo hayafiki Kongowea yenyewe. Mnunuzi ndiye anayesoma lebo.

Kwenye lebo, maneno "mercury" au "calomel" yanatosha kuirudisha bidhaa rafuni. Lebo isiyotaja viambato, isiyo na jina la mtengenezaji wala tarehe ya mwisho wa matumizi, nayo irudishwe. Onyo la kutoruhusu krimu iguse dhahabu au fedha ni dalili ya zebaki. Bidhaa yenye alama ya ubora ya KEBS ina nambari chini ya alama. Mnunuzi huandika SM, kisha alama ya reli #, kisha nambari hiyo, na kutuma kwenda 20023 ili kuthibitisha. Mkebe uliojazwa nyuma ya duka hauna nambari ya kutuma.

Dawa za chunusi zilizo salama zipo, na nyingi hazihitaji safari ya mbali. Benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 au 5, na asidi ya salisiliki ya asilimia 2, hupatikana katika duka la dawa lenye leseni. Kwa ngozi inayokereka upesi, ile ya 2.5 ndiyo ya kuanzia, usiku mmoja na kuruka mmoja. Ieleweke kwamba benzoili peroksaidi hutoa rangi kwenye nguo, kwa hiyo leso nzuri isitumiwe kufutia uso. Dawa hizi ni za polepole. Matokeo huanza kuonekana baada ya wiki 6 hadi 8, na katika wiki mbili za mwanzo ngozi inaweza kukauka au kuwasha kidogo. Hapa ndipo mkebe mweupe hushinda, kwa sababu wenyewe huahidi siku tatu. Mhamasishaji anayemtembelea kijana nyumbani amweleze mapema kuhusu hizo wiki 8, amweleze tena wiki ya tatu anapokata tamaa, na asimdhihaki.

Chunusi zenye vinundu, zinazoacha makovu, au zinazomfanya kijana akatae kwenda shule au kanisani au msikitini, hazisubiri duka la dawa. Hizo ni za tabibu au daktari wa ngozi, kwa sababu kuna dawa za kumeza. Mojawapo, isotretinoini, ina nguvu sana lakini huharibu mimba, na haipaswi kununuliwa wala kuazimwa na mtu yeyote bila daktari. Msichana au mwanamke mwenye chunusi nyingi, hedhi isiyo na mpangilio na nywele kidevuni naye aelekezwe hospitalini. Huenda tatizo liko kwenye homoni.

Vijana wa bodaboda wana shida yao. Kofia ngumu iliyolowa mvua na jasho la abiria watano hukandamiza paji la uso na kidevu kutwa nzima. Dawa yake si kuivua kofia. Ni kuvaa kitambaa chembamba cha pamba ndani, kukibadilisha mchana, na kuifuta bitana ya kofia kila jioni kisha kuiacha wazi mahali penye upepo. Wanaovaa hijabu au kilemba wafanye vivyo hivyo na ukanda unaogusa paji la uso, na nguo iliyoshindwa kukauka kwa mvua ipigwe pasi kabla ya kuvaliwa. Vipele vya ndevu kwa wanaume hutokana na nywele zinazojikunja kurudi ndani. Anayenyoa aache ndevu fupi kidogo badala ya kukwangua mpaka chini, na asiazimane wembe.

Waliosikia haya na tayari wana mkebe nyumbani wanauliza wafanye nini. Anayeshuku kwamba krimu yake ina zebaki aache siku hiyo hiyo. Aliyepaka krimu kali usoni kwa miezi kadhaa aende kituo cha afya kilicho karibu kabla uso haujawaka, kwa sababu huenda akahitaji kuiacha chini ya uangalizi, na mama mjamzito au anayenyonyesha aende kesho asubuhi. Aende na mkebe wenyewe, umefungwa vizuri na kuwekwa ndani ya chombo chenye kifuniko, hata kama umebaki mabaki tu. Usitupwe chooni, wala usichomwe pamoja na takataka, kwa kuwa zebaki ikipata moto huingia hewani. Mhudumu hataulizia ni nani aliyemuuzia ili amwaibishe mtu. Atauliza ilipakwa wapi, mara ngapi, na tangu lini. Majibu hayo matatu yaandikwe kwenye kipande cha karatasi usiku, kwa sababu asubuhi kwenye foleni watu husahau.